Kupiga taipureta kwa kasi bila nyundo kukumbatiana

Kijana akirithi mashine ya babu yake, au akiipata mnadani kwa bei ya kutupa, haipiti wiki kabla hajaja na maswali matatu. Kwa nini nyundo za herufi zinakwama? Kwa nini herufi nyingine zinatoka nzito na nyingine zimefifia? Na atafikaje maneno 40 kwa dakika? Nimeyajibu mara nyingi mno kwa mdomo, sasa nayaandika.

Yote matatu yana jibu moja, nalo ni mdundo. Taipureta haifanani na kompyuta, ambayo inakubali upapase, ukimbie, usite, kisha ukimbie tena. Hii ina vyuma vinavyopanda na kushuka, na kila chuma kinataka muda wake wa kurudi kukaa. Ukivipa muda ulio sawa, vinakwenda. Ukivikurupusha, vinakumbatiana katikati, nawe unatumia dakika nzima kuvitenganisha huku vidole vimejaa wino.

Jambo moja la hesabu kabla hatujaendelea. Kwenye vipimo vya kasi, "neno" ni mapigo 5, na nafasi nayo ni pigo. Kwa hiyo "wanakijiji" linahesabiwa maneno mawili. Wanaokuja kutoka kwenye Kiingereza wanadhani Kiswahili kinawachelewesha kwa sababu maneno ni marefu, kumbe saa inahesabu mapigo.

Andaa hivi

- Taipureta inayofanya kazi. Ndogo ya mkononi kama Olivetti Lettera 32 inatosha, ila ile kubwa ya ofisini, Olympia au Imperial, ni tulivu zaidi mezani na inasamehe zaidi.
- Riboni yenye wino. Nyingi zina upana wa milimita 13 hivi. Ikiwa imekauka, usianze mazoezi nayo, utajifunza kupiga kwa hasira.
- Karatasi, na kila mara uingize mbili kwa pamoja. Ya nyuma inailinda rola, maana rola ikishaota mashimo kila herufi itakuwa na tabia yake.
- Kipande cha blanketi au kapeti la kuweka chini ya mashine. Kinapunguza kelele na kuzuia mashine kutembea.
- Saa ya ukutani inayogonga kila sekunde. Hii ndiyo mwalimu wako. Zile ambazo mshale wake unateleza kimya hazifai.
- Kitambaa cha kufunika mikono. Nitaeleza.

Hatua kwa hatua

1. Kaa. Meza ya kulia chakula mara nyingi iko juu mno kwa kazi hii. Viwiko vikae karibu na usawa wa vitufe, miguu yote chini, mgongo wima. Matini unayonakili yawe pembeni, yamesimama kidogo, yasilale bapa mezani.

2. Panga mstari wa mapigo 60. Weka kizuizi cha pambizo cha kushoto kwenye 10 na cha kulia kwenye 70 kwenye kipimo cha mashine. Sababu ni ya uvivu wa kuhesabu: mstari wa mapigo 60 ni maneno 12 kamili, hivyo kupima kasi itakuwa kuhesabu mistari tu.

3. Weka vidole kwenye safu ya nyumbani. Mkono wa kushoto A S D F, wa kulia J K L na kitufe kinachofuata. Kidole kidogo cha kushoto kiko kwenye A, vya shahada viko kwenye F na J, gumba linashughulikia nafasi. Kila kidole kina vitufe vyake juu na chini, na baada ya kupiga kinarudi nyumbani. Mashine nyingi za zamani hazina alama ya kupapasa kwenye F na J kama kompyuta. Bandika kipande kidogo cha plasta kwenye J, kitoe baada ya wiki mbili.

   Hapa ndipo kitambaa kinapoingia. Darasani kwetu tulifungwa kipande cha khanga shingoni kama wateja wa kinyozi, ncha nyingine ikawekwa juu ya mashine, mikono ikawa gizani. Tulilalamika sana. Lakini macho yakishajua njia ya kwenda kwenye vitufe hayaachi kwenda, na kila yanapokwenda mdundo unakatika. Mwaka 1888 huko Cincinnati, Marekani, karani Frank McGurrin alishindanishwa na Louis Traub. McGurrin alipiga kwa vidole vyote bila kutazama vitufe, Traub alikuwa anatazama, na McGurrin alishinda. Ubishi ulikwisha siku nyingi, basi funika mikono.

4. Jifunze pigo lenyewe kabla ya herufi. Fanya jaribio hili. Bonyeza A polepole mpaka kitufe kifike chini kabisa. Nyundo inapanda, inakaribia riboni, kisha inasita: ama haigusi karatasi, ama inagusa kwa aibu na kuacha kivuli. Sasa piga A kama unavyogusa sufuria iliyo jikoni kujua kama imeshika moto: ncha ya kidole inafika na kuondoka papo hapo. Herufi inatoka nyeusi. Kidole chako kazi yake ni kuirusha nyundo tu. Mwendo wa mwisho inaumaliza yenyewe, na kama kidole kimeshaondoka inapata pa kushukia.

   Rudia na kila kidole, mistari miwili miwili, mpaka uweusi ulingane. Nguvu itoke kwenye kidole. Anayepiga kwa mkono mzima kutoka kwenye kiwiko atachoka kabla ya nusu ukurasa, na nukta zake zitatoboa karatasi.

5. Washa saa. Yaani nyamaza uisikilize. Pigo moja kila inapogonga ni mapigo 60 kwa dakika, sawa na maneno 12. Mapigo mawili ni maneno 24, matatu ni 36. Siku tatu za kwanza usizidi pigo moja, hata kama unajiona mjinga, na najua utajiona. Zoezi la safu ya nyumbani kwa Kiswahili ni raha kwa sababu A iko pale pale, na sentensi nzima inaweza kuandikwa bila kidole kuhama safu hiyo:

   dada asaga dagaa kaka alala

   Ukishafika mapigo mawili utagundua jambo: silabi zetu nyingi ni herufi mbili, hivyo kila saa inapogonga unamaliza silabi. Ka-ma. Ha-pa. Kisha inakuja nafasi, nayo ni pigo kamili, inachukua zamu yake, na neno linalofuata linaanzia katikati ya mlio mmoja wa saa na mwingine. Hapo ndipo wengi wanaanguka. Wanaihesabu nafasi kama pumziko, au wanaichomeka haraka ili neno jipya lianze pamoja na saa. Usifanye hivyo. Iache nafasi iwe na urefu ule ule wa herufi.

6. Fanya mazoezi ya mikono kupokezana, kisha kutopokezana. Anza na maneno ambayo mkono wa kulia na wa kushoto vinabadilishana kila pigo: kama, hapa, jana, mama, haya. Haya yanajipiga yenyewe, kama mtu anayetwanga na mwenzake kwenye kinu kimoja. Halafu chukua ya mkono wa kushoto peke yake: sasa, baba, sare, barabara. Kisha ya kulia peke yake: jiko, kilimo, moyoni, mkononi. Utasikia mashine ikibadilika sauti. Kwenye "hapa" unakimbia bila kujua, kwenye "kilimo" unajikongoja. Kazi ni kuyafanya yote mawili yasikike sawa, na njia yake ni kupunguza mwendo wa "hapa". Usijaribu kuusukuma wa "kilimo". Kasi yako halisi ni ile ya neno linalokusumbua.

   Piga mstari huu mara kumi kila siku, ukisikiliza kuliko kutazama:

   kama kilimo hapa barabara jana mkononi haya sasa

   Mazoezi yaliyoandaliwa kwa Kiingereza hayatakusaidia sana hapa, kwa sababu ya A. Andika "wananchi wa Tanzania": herufi 18, na sita kati yake ni A. Theluthi nzima imeangukia kidole kilicho dhaifu kuliko vyote, kidogo cha mkono wa kushoto. Ndiyo maana ukurasa wa mwanafunzi wa Kiswahili unatambulika kwa mbali, una A zilizofifia kila mahali kama meno yaliyong'oka. Kipe kidole hicho dakika tano zake kila siku: aqa aza, aqa aza, kisha taa, saa, kaa, jaa. Q hatuitumii kabisa, lakini kuifikia kunamnyoosha mvivu.

7. Jifunze kengele na kurudisha gari. Gari ni ile sehemu ya juu inayobeba rola na karatasi. Kengele inalia mapigo kadhaa kabla ya mwisho wa mstari. Hesabu ni mangapi kwenye mashine yako, maana hazilingani, na uandike namba hiyo kwa penseli pembeni. Kengele ikilia usisimame. Maliza neno kama linatosha, la sivyo likate.

   Kukata maneno ya Kiswahili ni kazi rahisi kuliko watu wanavyodhani: kata baada ya irabu. Wa-na-po-kwe-nda linakatika popote penye kistari hapo. N ya "nda" inabaki na D yake, usiitenganishe. Na M ya "mtoto" usiiache peke yake mwisho wa mstari hata kama ni silabi, inaonekana kama imesahaulika. Maneno ya kukopa kama "labda" yana kanuni zake. Ukiwa na shaka, lipeleke zima mstari unaofuata.

   Kurudisha: mkono wa kushoto unaondoka, vidole vimeungana, kiganja kimeelekea chini, unausukuma mkono wa gari kwa msukumo mmoja na kuuachia, unarudi A. Macho yanabaki kwenye matini. Jipe milio miwili ya saa kwa safari nzima. Usilisindikize gari mpaka ukutani na usilitupe kwa kishindo, maana kishindo kinalegeza vizuizi vya pambizo. Wapigaji wengi wa kasi ya kati wanapoteza muda hapa kuliko kwenye herufi. Piga mistari mitupu ya herufi moja moja, rudisha, piga, rudisha, mara ishirini. Majirani watakuchukia kidogo.

8. Herufi kubwa na ng'. Herufi ya mkono wa kulia, shifti ya kushoto, na kinyume chake. Kuna mambo matatu hapo: shika mpaka chini, piga, achia. Yape milio yake ya saa. Ukiachia mapema herufi inaning'inia juu ya mstari, na hilo haliwezi kufichwa.

   Kwenye mashine nyingi za zamani alama ya ng' iko juu ya 8, kwa shifti. Kwa hiyo "ng'ombe" ina shifti katikati ya neno, na mtu asiyejiandaa atasimama hapo kila mara. Ifanyie zoezi lake: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa. Na kama mashine yako haina 1, haijaharibika. Unatumia l ndogo.

9. Pima mara moja kwa wiki, si zaidi. Nakili matini usiyoyajua kwa dakika 10, hesabu mistari, zidisha kwa 12, gawa kwa 10. Mistari 25 ni maneno 30 kwa dakika. Makosa yakizidi moja kwa dakika, rudi mwendo wa chini wiki nzima. Mtihani wa hatua ya tatu wa upigaji chapa nchini Kenya ulidai maneno 50, na hiyo ni kasi ya mtu anayelipwa kwa kazi hii. Kwa dakika 20 asubuhi na 20 jioni, 30 ni lengo la heshima kwa anayejifunza nyumbani. Albert Tangora wa Marekani mwaka 1923 alipiga wastani wa maneno 147 kwa dakika kwa saa nzima kwenye Underwood isiyo ya umeme. Hayo ni mapigo 12 kila sekunde, kama mvua ya masika juu ya bati. Tumshangae tu, tusimwige.

Nyundo zinapokumbatiana

Hili nalitenga kwa sababu ndilo swali kubwa. Fungua mfuniko wa juu, kisha bonyeza polepole M, halafu I, halafu K, huku ukitazama kwenye kikapu cha nyundo. Kwenye mashine nyingi utaona zinatoka mahali pamoja, bega kwa bega. U na J nazo ni majirani, pia O na L, pia E na D. Nyundo za mbali zinapishana bila shida. Majirani ndio wanaogongana, ya pili ikipanda kabla ya kwanza haijashuka.

Sasa fikiria Kiswahili chetu: kitabu, kiti, kijiji, Kiswahili. "Ki" iko kila mahali, na nyundo zake ni majirani. Lakini anayepiga kwa kanuni hakwamishi "ki", kwa sababu K na I zote ni za kidole cha kati cha kulia, na kidole kimoja hakiwezi kuwa sehemu mbili. Kwa hiyo nyundo za K na I zikikukwamia, nitajua bila kukuona kwamba unatumia vidole viwili. Vivyo hivyo "ju", "lo" na "de".

"Mi" ni kesi nyingine. M ni ya kidole cha shahada, I ya kidole cha kati, vidole viwili tofauti, nyundo majirani. Hapa hata fundi anakwama akiharakisha. Mtihani wangu wa kwanza niliuanza mbio, na mstari wa pili ulikuwa na neno "mimi". Nyundo mbili zikashikana, nikazivuta kwa papara ya tatu ikaingia, na kabla sijapata akili dakika imekwisha. Tangu hapo kwangu "mimi" ndilo neno la kupimia mdundo: mimi, miti, simu, himili, polepole, mpaka saa ikubali.

Zikikwama, achia vitufe vyote, kisha zisukume taratibu zirudi chini kwa ncha ya kidole, iliyo juu kwanza. Usizivute kuja kwako na usizipinde. Nyundo iliyopinda kidogo itagonga jirani yake maisha yote.

Ikigoma

*Herufi zina kivuli, kama zimepigwa mara mbili.* Unabonyeza badala ya kupiga. Rudi hatua ya 4.

*Nafasi zinatokea katikati ya neno.* Mara nyingi gumba linalalia kitufe cha nafasi. Liinue. Kama linatokea hata gumba likiwa juu, mashine inahitaji fundi.

*Herufi zinapandana mahali pamoja.* Ikiwa ni mwisho wa mstari, umefika kwenye kizuizi na hukusikia kengele. Ikiwa ni popote, gari halivutwi vizuri. Angalia kamba au mkanda unaolivuta, ulioungwa na springi pembeni. Ukikatika gari halitatembea kabisa.

*Hakuna wino kabisa ingawa riboni ni mpya.* Tazama swichi ya rangi. Ikiwa kwenye nyeupe, riboni hainyanyuki, maana hiyo ni ya kukatia stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi. Watu wamenunua riboni tatu kwa sababu ya swichi hii.

*Nusu ya juu ya herufi ni nyeusi, ya chini nyekundu.* Swichi hiyo hiyo haijakaa sawa, au riboni haijapita kwenye vishikio vyake vyote viwili.

*Nyundo inapanda lakini inashuka kivivu.* Ni vumbi na mafuta ya zamani kwenye mifereji inapoanzia. Safisha kwa mswaki wa zamani na spiriti kidogo, nje au dirisha likiwa wazi, mbali na jiko. Usitie mafuta hapo, hata ya cherehani. Yatalainisha siku mbili, yakusanye vumbi, na siku ya tatu nyundo zote zitakuwa zimeganda. Ya kupikia ndiyo usiyataje kabisa.

*A, E na O zimejaa wino ndani.* Chokonoa kwa mswaki mkavu, au pini kwa uangalifu. Kwa wanaoandika Kiswahili A ndiyo inaziba kwanza, takriban kila wiki ukifanya mazoezi kweli.

*Mistari inapanda mlima.* Karatasi haikushikwa sawa. Legeza kishikio cha karatasi, linganisha kingo mbili za juu, funga tena.

*Vidole vinauma.* Kidole kidogo kikiuma wiki ya kwanza ni kawaida. Kifundo cha mkono kikiuma si kawaida: viganja vyako vimelala kwenye ukingo wa mashine au meza iko juu mno. Simama, pumzika siku moja, shusha meza au pandisha kiti.